Mti Usio na Mtoto

Msumari wa inchi tatu ulikuwa umezama nusu kwenye gome la mti namba sita, na juu yake lilining'inia bango la kadibodi lenye maandishi ya kijani: TUPENDE MITI. Mama Debe alilisoma mara moja tu. Akaenda chumba cha vifaa, akarudi na koleo, akaung'oa msumari, ukatoka na utomvu. Bango akalivunja gotini vipande viwili.

"Nani kapigilia hiki?"

Watoto sita wa Klabu ya Mazingira walikuwa wamesimama kando na nyundo yao, fulana zao mpya za kijani bado zina mikunjo ya dukani. Watano walitazama viatu. Wa sita, msichana wa darasa la tano, mwembamba, mwenye macho makali, ambaye shule nzima ilimwita Sindano, alitazama mbele.

"Ni mimi, bibi. Mwalimu kasema kila mti uwe na ujumbe."

"Ujumbe! Na mimi nikikupigilia wewe msumari kisogoni nikaandika 'Tupende Watoto', utafurahi?"

"Mimi si mti."

"Kweli. Mti una faida."

Wenzake wakachekea kwenye kola. Sindano hakucheka. Alimtazama yule mama kama mtu anayehifadhi kitu cha kukitumia baadaye.

Hivyo ndivyo Jumatatu ilivyoanza, na haikuwa mbaya kuliko Jumatatu nyingine. Mama Debe alikuwa mhudumu wa shule ile ya msingi kwa mwaka wa thelathini na nne. Alifagia, alifungua na kufunga madarasa, alipiga kengele, alitengeneza madawati yaliyovunjika miguu, na kwa miaka mingi alikuwa ndiye mwenye miti. Watu wazima walisema jina lake lilitokana na debe la maji alilobeba kichwani tangu usichana wake bila kulishika kwa mkono. Watoto walijua zaidi: debe tupu haliachi kutika, na mama yule hakuacha kufoka tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho.

Mumewe alimwacha kitambo. Alitoka kwenda kununua betri za redio, na hadi leo hajarudi. "Nadhani bado anachagua," Mama Debe alimjibu mtu aliyeuliza, na baada ya hapo hakuulizwa tena. Alimlea binti yake peke yake, na binti akakua akawa msusi mwenye kibanda chake na ulimi uleule wa mama yake.

Ile miti ilianza miaka thelathini iliyopita, wakati sehemu ya chini ya uwanja, kandokando ya ukuta, ilikuwa jiwe na vumbi. Mwalimu mkuu wa zamani, mtu wa maneno machache, alileta miche kumi na miwili ya mwarobaini akamkabidhi mhudumu. Maji hayakuwapo. Bomba lilikuwa mbali, nalo lilitoa maji lilipojisikia. Basi Mama Debe akatunga utaratibu wake. Kila mche ukapewa namba na mtoto. Kila mtoto akaja asubuhi na kidumu cha lita tatu kutoka kwao, na maji hayo hakuyamwaga kwenye shina. Aliyamwaga hatua moja nje, taratibu, kuzunguka, kwa sababu mizizi haikai shinani kama mbwa aliyefungwa. Mtoto alipomaliza darasa la saba alimshika mkono mtoto wa darasa la kwanza, akamwonyesha pa kumwaga, wakamwaga pamoja mara moja, na mti ukawa umehama. Jina jipya likaandikwa daftarini chini ya la zamani. Hapakuwa na fulana, wala bango, wala mgeni wa kupiga picha. Mti ulikunywa, mtoto akaenda darasani na viatu vyenye matone.

Siku hizi mtoto akibeba lita tatu za maji, mzazi anakuja mbio kwa mwalimu mkuu kama kwamba mwanawe kabebeshwa jeneza. Mtoto hashiki jembe, hashiki ufagio, hashiki kidumu. Anashika kalamu ya rangi, anaandika kwamba anapenda miti, na anapewa cheti.

Lakini usidhani Mama Debe aliwalea kwa asali. Mtoto aliyechelewa na kidumu alichapwa. Aliyemwaga shinani alichapwa. Na juu ya fimbo ulikuwapo msemo, aliousema kila mwanzo wa muhula mbele ya mstari, mkono kiunoni: "Mti usio na mtoto ni kuni!" Watoto waliuitikia kama wimbo. Wengi walidhani ni vitisho tu.

Ilikuwa kweli mara moja. Miaka ishirini na sita iliyopita, mti namba kumi na mbili ulikuwa wa mvulana wa darasa la nne, mtoto wa mama aliyefulia watu nguo. Kwao maji safi yalikuwa ya kupikia tu, kwa hiyo mvulana alijaza kidumu chake maji ya mwisho ya kusuuzia. Mama Debe alinusa sabuni. Mbele ya mstari mzima alimvua kofia, akamwagia kichwani maji yake mwenyewe, povu likamshuka machoni. Wiki chache baadaye, katikati ya kiangazi, mti ukageuka njano, na Mama Debe akaita shule nzima, akachukua shoka, akaukata. Ulikuwa umefika unene wa shavu la mguu. Mvulana akaamriwa azibebe kuni kichwani hadi jikoni kwa wapishi wa uji, na shule ikaimba msemo hadi alipoingia mlangoni.

Mvulana yule alikua akawa fundi wa kuchomelea vyuma. Nusu ya mageti ya mtaa ule ni kazi ya mikono yake, ndiyo maana anaitwa Fundi Mageti. Mwaka juzi wazazi walimchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Neno lake la kwanza kitini lilikuwa moja: vidumu vikome. "Mwanangu haji hapa kuwa kibarua wa mtu," alisema, na wazazi wakapiga makofi. Mwanawe ni yule Sindano.

Sasa Jumatatu hiyo, saa nane, kamati ilikaa chumba cha walimu. Mama Debe aliitwa alete viti, akaleta, akabaki amesimama nyuma na kitambaa cha vumbi mkononi. Hivyo ndivyo alivyosikia. Uwanja wa chini utatandikwa vitofali vya saruji ili magari ya wageni yapate pa kusimama. Miti itaondolewa. Mwalimu mkuu wa sasa, kijana wa suruali za kubana, alikuwa na picha kwenye simu: vyungu vikubwa vya saruji, kila kimoja na ua lake.

"Majani yanaziba mifereji," alisema. "Halafu ni shindano la shule za kijani, wazazi wangu. Lazima tuonekane wa kisasa."

"Mnakata miti ili muwe wa kijani?" Mama Debe alisema.

Viti vikageuka.

"Mama, hiki ni kikao," mwalimu mkuu akasema.

"Nimeona. Hiyo miti ina wenyewe."

Fundi Mageti alikuwa ameegemea kiti, mikono yake yenye makovu ya cheche imefungwa kifuani. Alikuwa kama mtu aliyesubiri mlango huo ufunguliwe kwa miaka mingi.

"Wenyewe gani, mama?"

"Watoto."

"Watoto gani? Nitajie mmoja mwenye mti leo." Akangoja. "Hakuna. Na kanuni ni yako, si yangu. Hebu nikumbushe, ilikuwaje ile? Mti usio na mtoto..."

Mzazi mmoja, mama mwenye umri wa Fundi, akamalizia kwa mazoea ya zamani, "...ni kuni," halafu akaona aibu akafunika mdomo.

"Basi," akasema Fundi. "Mimi sikuonei. Ijumaa saa moja na nusu asubuhi mtu wa msumeno atakuja. Mti utakaokuwa na mtoto amesimama na kidumu chake, kwa hiari yake, mzazi wake akijua, tutauzungushia vitofali, utabaki. Usio na mtoto, kuni. Iandikwe."

"Lakini mwenyekiti, vyungu..." mwalimu mkuu alianza.

"Iandikwe, mwalimu."

Miti ilikuwa kumi na mmoja. Siku zilikuwa nne.

Jumanne Mama Debe aliingia darasa la sita na kusimama mbele ya ubao. "Nani anataka mti?" Watoto arobaini na wanane walimtazama. Aliuliza tena kwa sauti ya kengele. Mvulana mmoja akanyoosha kidole.

"Bibi, nikimwaga vibaya nitachapwa?"

"Sasa unadhani nitakubusu?"

Darasa likaangua kicheko, kidole kikashuka. Darasa la tano lilikuwa vilevile, na darasa la nne lilikuwa baya zaidi, maana kuna aliyelia. Alipopita tena dirisha la darasa la tano alimsikia Sindano akiigiza sauti yake nyuma ya dawati: "Mti una faida! Wewe huna!" Kicheko kilimsindikiza hadi ofisini. Jumatano alijaribu tena, akarudi na sifuri ileile.

Jioni hiyo alipita kwenye kibanda cha binti yake. Binti alikuwa akisuka kichwa cha mteja, uzi mdomoni.

"Hawataki," Mama Debe alisema, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Watatakaje? Wanakuogopa kuliko mbwa wa mlinzi."

"Woga ndio uliootesha ile miti."

"Maji ndiyo yaliyoiotesha, mama. Woga ulitufanya tukojoe njiani." Mteja akatikisika kwa kucheka, akavutwa nywele, akatulia. "Unaomba kama mtu anayedai. Na kwani hiyo miti ni ya mama yako? Waache wakate. Bado miaka miwili upumzike."

"Namba kumi na moja siwezi."

Binti akatoa uzi mdomoni. Hilo alikuwa hajawahi kulisikia. "Kumi na moja ni wa nani?"

Mama Debe aliangalia vumbi la nywele sakafuni. Namba kumi na moja ulikuwa wake. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne. Mama yake alipozaa mapacha alitolewa shule siku moja kati ya mlo wa mchana na jioni, akapewa mtoto mgongoni, na daftari lake likatumika kuwashia moto. Alipopewa ile miche kumi na miwili, mwaka ule watoto wenye vidumu kwao walikuwa kumi na mmoja tu. Ukabaki mche mmoja. Akaandika daftarini jina lake mwenyewe kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la nne, kwa sababu hakuwa na mwandiko mwingine, na kila asubuhi kwa miaka thelathini alileta kidumu chake kama wao. Hakuurithisha kwa yeyote. Mwanafunzi ambaye hajamaliza darasa la saba hana ruhusa ya kurithisha.

"Ni wa shule," alisema, akainuka.

"Basi nenda na lile daftari," binti akamwambia mgongoni. "Hao watoto wana mama zao na baba zao humo ndani. Wasomee majina. Halafu ufunge mdomo, kama unaweza."

Alhamisi alikwenda na daftari. Lilikuwa na jalada gumu, limeliwa pembe na mchwa. Hakusimama mbele ya darasa. Alikaa kwenye ngazi wakati wa mapumziko, akalifungua magotini, na mtoto alipopita alimwita kwa jina la mzazi. "Wewe mtoto wa fundi cherehani. Mama yako alikuwa namba nne. Njoo uone alivyoandika." Mtoto akaja kwa hofu, akaona jina la mama yake likiwa limeandikwa vibaya, herufi zimelala, akacheka. Akamwita mwenzake. Kengele ilipolia walikuwa wamejazana ngazini wakigombania ukurasa, na Mama Debe alikuwa ameuma midomo hadi imegeuka nyeupe, maana walikuwa wakilichana.

Kufikia saa tisa miti minane ilikuwa na watoto. Namba tatu haikupata mtu, ukoo wake wote ulihama. Namba tisa ilipata mvulana, baba yake akakataa. Na kumi na moja ulibaki bila mtu.

Watoto walipoondoka Sindano alibaki. Alikuwa ameligeuza daftari kwenye ukurasa wa mwisho.

"Hili ni jina la baba yangu."

"Najua kusoma."

"Limepigwa mstari. Pameandikwa 'kuni'."

"Mti wake ulikufa. Aliumwagia sabuni."

"Ulikuwa wapi?"

Mama Debe alionyesha kwa kidevu kwenye kona ya ukuta. Sindano akaenda, na Mama Debe akamwona akiinama penye kisiki. Akakaa pale kwa muda mrefu kuliko kisiki kinavyostahili. Aliporudi alikuwa na kipande cha kijiti mkononi, kimekatwa mshazari kwa panga, na pembeni yake kijani kibichi kimeanza kutoka.

"Kuna makovu mengi, bibi. Mapya juu ya ya zamani. Kama umefyekwa kila mwaka."

"Ni magugu."

"Majani yake ni ya mwarobaini." Akakigeuza kijiti kwenye vidole. "Kitu kilichokufa kinafyekwa kila mwaka cha nini?"

"Nenda nyumbani kwenu!"

"Naenda," alisema Sindano. "Shikamoo." Akaenda na kijiti chake.

Siri ile Mama Debe hakuwahi kumwambia hata Mungu wake. Siku ile ya shoka, pigo la tatu lilipofungua gome, ndani palikuwa kijani na maji. Mti ulipukutisha majani kama miarobaini mingine inavyopukutisha wakati wa kiangazi, na watoto mia nne walikuwa wamesimama wakimtazama, na shoka lilikuwa limeshainuka. Akapiga la nne. Mvua ya kwanza kisiki kikatoa machipukizi. Akayafyeka kabla mtu hajaona. Mwaka uliofuata akayafyeka tena. Kuna watu wanaokula kiapo ili waseme ukweli. Yeye alinoa panga kila mwaka ili asiuseme, na kisiki nacho, kwa ukaidi, kilimjibu kila mwaka.

Ijumaa ilikuja na jua kali mapema. Saa moja na robo mtu wa msumeno alikuwa ameshafika, mtu mchangamfu, kofia ya plastiki, akijaza mafuta kwenye mashine yake na kupiga mluzi. Mwalimu mkuu alisimama na simu tayari kwa picha. Fundi Mageti alisimama mikono nyuma. Watoto wanane walikuja mmoja mmoja na vidumu, vingine vya mafuta ya kula, kimoja cha dawa ya kusafishia choo, na Mama Debe alimrudisha huyo akakioshe mara nne. Wakasimama kila mtu na mti wake. Walionekana wadogo sana.

"Namba tatu?" Fundi aliuliza.

Shinani hapakuwa na mtu.

"Namba tisa?"

Mvulana aliyekatazwa alikuwa akichungulia dirishani darasani.

Fundi akainua kidole. Msumeno ukanguruma. Namba tatu ulianguka upande wa ukuta, ukainua vumbi lililofunika watoto wote wanane, na hakuna aliyesogea. Namba tisa ulikuwa mnene zaidi, ulipiga kelele kabla ya kuanguka. Ndege waliokuwa humo hawakujua waende wapi, wakazunguka hewani.

"Namba kumi na moja?"

Hapo ndipo Sindano alipotokea kwenye kona ya madarasa, kidumu cha lita tatu kinamvuta bega. Mama Debe alimwona. Akamwendea haraka.

"Mwanangu, umekuja. Simama pale, pale mwishoni, ule mkubwa."

Sindano alimtazama kwa lile neno, mwanangu, kama mtu anayetazama chakula kwenye sahani chafu. "Sikujia huo."

Akampita. Akaenda kwenye kona, akasimama juu ya kisiki, akaweka kidumu miguuni.

"We Sindano," baba yake akasema. "Nilikuruhusu usimame penye mti. Hapo hapana mti."

"Upo, baba. Anaufyeka kila mwaka."

Mtu wa msumeno akazima mashine. Fundi alitembea polepole hadi kwenye kisiki, akachuchumaa, akapitisha kidole cha fundi kwenye makovu, moja baada ya jingine, kama anayekagua kiungo cha chuma alichochomelea mtu mwingine. Aliposimama sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mama, njoo hapa." Akaja. "Mimi niliweka kanuni mbele ya watu, siivunji kwa ajili ya mwanangu. Atasimama penye mti. Kama hapa hapana mti, atahamia ule wa mwisho, uliobaki peke yake, na ule utapona. Wewe ndiye mwenye miti. Sema. Hapa pana mti, au ni magugu?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Neno moja, magugu, alilokwisha kulisema jana bila shida, na namba kumi na moja ungesimama miaka mingine thelathini. Mama Debe alitazama upande ule. Upepo ulikuwa ukichezea majani yake ya juu. Akawatazama watoto wanane na vidumu vyao. Akamtazama Sindano, na Sindano alikuwa akimtazama vilevile kama siku ya msumari.

"Pana mti," alisema.

"Ulikuwa umekufa?"

"Haukufa."

"Ulijua lini?"

"Pigo la tatu."

"Na ulipiga mangapi?"

"Sikuhesabu. Mpaka ulipoanguka."

Fundi Mageti aliinama, akakichukua kile kidumu miguuni mwa mwanawe, akafungua kifuniko. Akakinusa kwanza. Halafu akakiinamisha, taratibu, bila kunyunyiza, akamwagia Mama Debe miguuni maji yote, lita tatu, mpaka tone la mwisho. Viatu vyake vya raba vikajaa. Mwalimu mkuu alishusha simu. Mama Debe hakuondoa mguu.

"Kajaze tena," Fundi akamwambia binti yake, akimpa kidumu kitupu. "Hayo yalikuwa yangu."

Sindano akakimbia bombani. Fundi akageuka kwa mtu wa msumeno, akainua kidole kuelekea mwisho wa mstari. "Kumi na moja. Hauna mtoto."

Hauna mtoto. Mama Debe angesema nini? Kwamba mtoto wake ni yeye, mwenye miaka hamsini na minane, wa darasa la nne?

Msumeno ukauma. Wakati unakula gome Sindano alirudi, akainua kidumu juu ya kisiki, akaanza kumwaga katikati, juu kabisa ya makovu.

"Si hapo!" Mama Debe alifoka, sauti yake ikapita juu ya mashine. "Hatua moja nje, kichwa maji wee! Zungusha! Unadhani unamwogesha mtoto?"

Msichana akasita, akamtazama baba yake.

"Msikilize," Fundi akasema bila kumtazama mama yule. "Kwenye maji hajawahi kukosea."

Sindano akarudi hatua moja, akazungusha. Ardhi ikanywa. Wale wanane nao wakainamisha vidumu vyao, wengine vizuri, wengine ovyo, na Mama Debe akapita nyuma yao mmoja mmoja, viatu vikilia chwa, chwa, akisukuma huyu kiwiko, akimpiga yule kofi la kisogo, mpaka nyuma yake namba kumi na moja ulipolala chini kwa kishindo kilichotikisa madirisha ya darasa la kwanza. Hakugeuka.

Mtu wa msumeno aliukatakata vipande vya kubebeka. Akajifuta jasho.

"Haya, kuni hizi za nani? Nani anabeba?"

Watu walitazamana. Mama Debe alivua kitambaa cha kichwani, akakisokota kuwa kata, akakiweka utosini. Akapiga magoti penye namba kumi na moja, akajitwika gogo la kwanza, akainuka bila kulishika kwa mkono, akaelekea jikoni.